Firigisi Iliyopotea Mezani

Mshauri wangu, naomba unijibu kabla ya Jumamosi maana siku hiyo wazee wa ukoo wanakuja kuamua kama mke wangu, Mama Shantel, arudi kwao Shianda, na kosa lake si dogo, alimchinjia kuku mwalimu wa kwaya, Ignatius, na firigisi, ambayo hapa kwetu Kakamega kila mtoto anajua ni ya mwenye nyumba, mimi sikuiona. Nilipomuuliza akasema, "Baba Shantel, si nilikuwekea juu ya obusuma, ugali wako?" Nikamwambia, "Basi ilimea mabawa?" Mwalimu akacheka, na kicheko hicho ndicho ushahidi wangu. Mimi ni mtu makini, korona yenyewe ilinipitia tu, ikaenda na harufu na ladha, tangu hapo nyama na karatasi kwangu ni kitu kimoja, hata siku hiyo nilitafuna kitu kigumu kama kandambili nikakimeza kwa heshima ya mgeni. Juzi nilizunguka boma nikitafuta jembe, watoto wakaniambia liko begani, lakini hayo ni mawazo ya ndoa. Je, nimrudishe peke yake ama na vyombo vyake?

Mume Aliyedharauliwa

Ndugu Mume,

Pole kwa kuugua. Kwa hayo mengine sina pole. Kitu kigumu kama kandambili, kwenye sahani ya kuku, ulidhani ni nini? Ulikula firigisi yako, ukasahau, kisha ukaita ukoo mzima uje kuitafuta.

Korona haiishii kifuani. Wengine inawavurugia kunusa, chakula kikapoteza ladha. Wengine inawaachia ukungu kichwani, wakawa wanasahau na kushindwa kufuata jambo moja hadi mwisho, na hali hiyo inaweza kukaa miezi. Si wazimu, si kurogwa, na si Ignatius. Nenda hospitali, na habari ya jembe umwambie daktari pia, usiifiche kwa sababu ya uanaume. Nyumbani uwe unanusa tangawizi, limau na kahawa, asubuhi na jioni, polepole. Kuna waliosaidika hivyo.

Wazee wapigie simu leo, kabla hujasahau. Waambie kwa mdomo wako kwamba firigisi imepatikana, na ilikuwa tumboni mwako. Mkeo umwombe msamaha mbele ya Ignatius, maana ulimshtaki mbele yake.

Na kuku atakayefuata, firigisi mpe Mama Shantel. Angalau iliwe na mtu anayesikia utamu wake.