Usingizi wa Saa Nane

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa 11,
Nyuma ya Uwanja wa Ndege.
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu tele, nikiamini zitakukuta u mzima. Je, ule mgongo uliokuwa ukikusumbua baada ya zamu za wodini umepona? Mama husema wauguzi huwatibu watu wote isipokuwa wao wenyewe. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila nyumba yetu imepoteza raha, na mimi nina sehemu yangu katika jambo hilo.

Nianze na habari za mdogo wako. Baba amekonda, na macho yake yameingia ndani. Siku hizi tunamwita Popo, kwa kuwa wiki hii huondoka alfajiri na wiki inayofuata hurudi alfajiri. Juzi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Chiriku, mdogo wangu, alimuuliza, "Baba, imekolea?" Akajibu, "Imekolea sana, mama." Chiriku alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, maana niliona Baba hatanii.

Shangazi, kila rubani hujaza fomu kwenye simu kabla ya kuruka, aseme amelala kwa muda wa saa ngapi. Tangu mwaka jana Baba huniachia mimi niijaze wakati yeye ananyoa ndevu. Mara ya kwanza nilimwambia hesabu haifiki nane. Alinijibu kutoka bafuni, "Wewe weka nane. Ukiweka nne wataniita mgonjwa, na mgonjwa harushi ndege." Nikaweka nane. Nikazoea. Nilijiona msaidizi wa kapteni.

Mwezi uliopita, siku ya nne mfululizo ya safari, Baba alikubaliana na rubani msaidizi wake kwamba asinzie dakika kumi huku mwenzake akiangalia. Mwenzake ana mtoto mchanga nyumbani, naye usingizi ukamwiba. Watu wa mnarani waliwaita, wakaita tena, kimya. Ndege ilipita juu ya uwanja iliotakiwa kutua, ikaendelea na safari yake. Mhudumu alipiga simu ya ndani mara tatu, ndipo Baba akazinduka. Waligeuza wakatua salama. Baba anasema abiria walipiga makofi, wakidhani alikuwa akikwepa wingu.

Hayo hakunisimulia mimi. Alikuwa akimweleza Mama jikoni, nami nilikuwa sebuleni nikimpigia pasi shati lake jeupe. Niliisahau pasi juu ya kola mpaka shati likaungua. Mama alisikia harufu akapaza sauti, "Na wewe umelala?" Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Wakaguzi wa kampuni walimwita. Waliweka mezani fomu zote, na kila moja ilisema nane. Wakamwambia, "Kapteni, wewe mwenyewe umethibitisha kwamba unalala vizuri. Sasa sisi tukusaidieje?" Hakuwaambia kwamba ratiba yao haimpi mtu nafasi ya kulala, wala hakuwaambia nani aliyezijaza. Walimpa onyo kali wakamrudisha angani siku ya tatu. Sikujua kwamba kidole changu kingeweza kumfunga baba yangu mdomo.

Leo asubuhi alinipa simu kama kawaida. Nilijua aliingia lini kitandani, kwa kuwa nilisikia mlango. Nikaandika tatu. Nikatuma, Shangazi.

Hakuwa amemaliza kuvaa viatu, mpanga zamu akapiga. Baba alisikiliza, akasema, "Leo siruki, na wakaguzi tarehe thelathini. Sawa," akaniangalia.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Baba. Ulilala saa tatu tu."

"Unajua umenifanya nini?"

"Najua. Na ningeweka nane, ningeshinda dirishani nikihesabu ndege zinazotua."

Nilingoja anifokee. Aliketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, akafungua mdomo kuanza. Aliinama polepole kwa ubavu, na usingizi ukamchukua akiwa bado amekunja uso. Mama alimvua kile kiatu kimoja, kisha akanishika bega.

Tarehe thelathini ataitwa tena, na safari hii wanaweza kumsimamisha kabisa. Ombi langu ni hili: mpigie kabla ya siku hiyo. Maneno yetu huyapokea kwa sikio moja, lakini wewe ni dada yake mkubwa, tena unaujua uzito wa zamu. Mwambie aeleze ukweli wote wa ratiba ile, hata ikibidi anitaje. Nitakwenda mwenyewe niseme ni mimi niliyezijaza. Nadhani na rubani msaidizi atasema, akimwona mwenzake ameanza.

Mama anakusalimu sana, na Chiriku anauliza kama bado unaogopa paka. Nisalimie mume wako na binamu zangu wote, hasa yule anayekoroma. Mungu akulinde katika zamu zako, akupe na usingizi wa kweli.

Ukipiga simu ya Baba isipopokelewa, usiogope. Ni mimi nimeiondolea mlio.

Ni mimi mwanao, nikupendaye nisiyechoka,
Binti mkubwa wa mdogo wako