Jumanne Isiyokwisha Ufukweni Kwetu

Axim,
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Kabenla,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote uliotuacha huku. U mzima? Mgongo bado unakusumbua na ile kazi ya kubeba masanduku bandarini Napoli? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nimetia chumvi, na wewe unanijua.

Mama mwili mzima. Anakula vizuri na anagombana na kuku kama zamani. Kumbukumbu ndizo zinazomtoroka, na nitakueleza huko mbele.

Uliuliza kwenye simu mbona sikutumii tena samaki wa moshi kwa watu wanaosafiri. Kaka, samaki hamna. Agosti hii, msimu wenyewe, wakati tulizoea kukosa hata pa kukanyaga ufukweni! Ndani ya tanuri langu la kukaushia samaki sasa analala mbuzi wa jirani. Taa za mitambo ya mafuta zinawaka huko baharini usiku kucha, samaki wamezifuata, na mitumbwi hairuhusiwi kusogea karibu. Shoga yangu Akuba wa sokoni kazi yake kucheka tu. "Wenzetu wamevutiwa umeme, sisi tunakatiwa kila siku," anasema. "Hata mimi ningekuwa samaki, ningehama!"

Watu wa kampuni ya mafuta walikuja wakatukalisha chini ya turubai, wakatufundisha wanawake kutengeneza sabuni. Walisema nasi kwa upole, siwezi kuwasingizia. Basi sasa mji mzima una sabuni, ila shombo ya kuosha hatuna. Nimechoka, kaka. Nimechoka kuitwa mikutanoni nikapigwe picha.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita mdogo wetu Kaku alishindwa kuvumilia, akaufuata mwanga ule kwa mtumbwi aliokuachia mjomba Ezoah. Wavu ulikuwa ndio kwanza unajaa, boti ya doria ikatokea. Akaukata mwenyewe kwa kisu ili awahi kukimbia. Alirudi salama, namshukuru Mungu, lakini wavu ulibaki kulekule na samaki wake. Wenzake wakambandika jina, Bwana Mkasi. Mwanzoni alicheka nao. Siku hizi hatoki nje.

Amepata mtu anayeutaka mtumbwi aupasue mbao. Anataka auuze, aende machimbo ya dhahabu, kule vijana wanakofukiwa na udongo. Nikamwambia, "Wewe Kaku, hata shimo la choo ulikataa kuchimba, leo utaiweza dhahabu?" Akanijibu, "Dada, niache. Nikae hapa nikuangalie ukipika muhogo mtupu mpaka lini?"

Mali ya mjomba ni yako, ndiyo desturi yetu, kwa hiyo bila neno lako mtumbwi hauuzwi. Yeye anaona haya kukuandikia. Amenisukumia mimi.

Ningekwambia ukubali yaishe, isingekuwa Mama. Unazikumbuka Jumanne zetu za mwiko, hakuna anayeingia baharini, mitumbwi yote iko mchangani, wanaume wanashona nyavu na kubishana mpaka jua linazama. Mama hajui tena kalenda, anaihesabu wiki kwa mitumbwi. Akitoka mlangoni asubuhi akaiona yote imelala, anasema, "Aa, kumbe Jumanne." Alisema hivyo juzi, Jumanne yenyewe, akasema jana, na leo Alhamisi amesema tena. Anaketi pale akiitazama, ametulia kabisa, na wa mjomba ndio anaoutafuta kwanza.

Leo nilidhamiria kumweleza ukweli. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono. "Yaba, mbona umezubaa? Kesho Kaku anaingia baharini, na wewe hata kuni hujapanga. Mvivu wewe!" Nikainuka, nikamfukuza mbuzi, nikapanga kuni. Kisha nikasimama nyuma ya tanuri nikalia.

Neno la kuuza siwezi kulitoa mimi ninayelala chumba kimoja na Mama. Litoe wewe, nami nitalikubali, lolote litakalokuwa. Ila unieleze na asubuhi Mama nitamwonyesha nini.

Nisalimie wifi, na wanao uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Kaku anakusalimu kwa kichwa kilichoinama. Akuba naye anakusalimu, anauliza sikukuu yetu ya Kundum mwaka huu utakuja, au umeshasahau kucheza ngoma. Mungu aliyekuvusha salama akulinde huko, akurudishe tukiwa bado tupo.

Nilimwambia Mama kwamba nakuandikia. Anakubariki. Amesema usihangaike kuja leo, uje kesho Jumatano, samaki watakuwa wengi.

Dada yako akupendaye,
Yaba