Kwa Baba Mkwe, Sajenti Aliyesema Hapa Si Kambini

Mpendwa Baba,

Ni mimi, Mama Wanja, mke wa Ireri, yule uliyemwita "Mmeru wangu" mbele ya wageni na "mbishi" tukibaki wenyewe. Mwaka umepita tangu tukuzike hapo kando ya zizi la mbuzi. Mvua imekuwa nzuri. Ndengu zimezaa mpaka tumekosa magunia. Nakuandikia waziwazi, na wengine wasome, kwa sababu juzi nilimsikia mtu sokoni Ishiara akisema kwamba aliyewahi kuvaa kombati za jeshi hapingwi na raia. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilijua ungekuwepo ungemjibu wewe.

Nilipoolewa nilikuja kutoka Ruiri, kwetu Meru kwenye baridi, na masweta yangu yote. Uliyatazama, ukatazama jua, ukasema, "Hayo utamfunikia mbuzi." Kimbeere chenu sikukijua, nawe Kimeru changu ulikisikia nusunusu, basi tukawa tunaongea Kiswahili. Chako kilikuwa cha jeshini, kifupi. Chai. Maji. Sawa. Nilikuogopa, Baba. Kwetu mkaza mwana habishani na baba mkwe, na kwenu ni hivyo hivyo. Ireri alinionya mapema: "Mzee akisema jambo, limeisha." Ulipofungua redio jioni ile ya kwanza, hata watoto wa boma waliacha kutafuna.

Kisha likaja jambo la uwanja. Nyuma ya soko kulikuwa na kiwanja cha umma ambapo sisi wanawake tulianika na kupepeta ndengu zetu. Wanajeshi wastaafu wa hapa, nawe ukiwa mwenyekiti wao, mlitaka kujenga ukumbi pale, na ukuta wa majina ya vijana wetu waliofia Somalia. Chifu akaitisha baraza. Sisi tulikuwa tumekubaliana Mama Njoki atatusemea. Lakini alipowaona mmeketi mstari wa mbele na medali vifuani, alinishika mkono akaninong'oneza, "Mimi siwezi. Sema wewe."

Nikasimama. Nilisema wale vijana wanastahili heshima, na kwamba mama zao wako hapa hapa, tunaanika nao ndengu. Nikasema uwanja ukichukuliwa tutaanika kando ya lami, na lori zitapita juu ya chakula chetu. Sikuwa nimefika mbali Koplo Mbogo aliporuka kutoka kwenye kiti.

"Wewe ulikuwa wapi sisi tukipigwa risasi? Mtu wa kuja, hata hukuzaliwa hapa, unakuja kufundisha watu waliomwaga damu?"

Watu walipiga makofi. Mwingine akapaza sauti, "Keti, mama! Heshimu jeshi!" Chifu akaniashiria kwa mkono niketi. Nilimtafuta Ireri kwa macho nikamwona anakagua viatu vyake. Nilianza kuketi.

Ndipo ukasimama. Nilidhani unakuja kunitoa nje mwenyewe, maana aibu ilikuwa ya nyumba yako.

"Mbogo, keti."

"Lakini Sajenti, huyu mwanamke..."

"Nimesema keti. Jeshini mimi na wewe tulinyamaza kwa sababu ilikuwa amri. Hapa si kambini." Ukanigeukia. "Mama Wanja, ulikuwa umemaliza?"

"Bado, Baba."

"Basi maliza."

Nikamaliza. Hata leo sikumbuki maneno ya mwisho, nakumbuka tu kwamba hakuna aliyenikatiza. Kisha, badala ya kuketi, uliwageukia watu ukanipinga. Hukunipunguzia hata kidogo! "Huyu ni mke wa mwanangu, na amekosea," ulisema. "Ndengu zitapata pa kukaukia. Hawa vijana hawana mahali popote ambapo mtu akipita atawasoma." Ukayataja majina yao bila kusoma popote, na ulipofika kwa Nyaga ulikohoa, ukaendelea. Mama Njoki alikuwa analia. Mimi pia. Nilitamani kukuunga mkono, na bado nilijua siwezi.

Watu wakainua mikono, na uwanja ukabaki wetu, ingawa kwa shida.

Tulirudi nyumbani kwa njia moja, wewe mbele mimi nyuma. Nilipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe huku nikijiuliza kama kesho nitakuwa bado na ndoa. Ulikula wote. Ukasukuma sahani.

"Umeongea vizuri," ukasema. "Umekosea, lakini umeongea vizuri."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikauliza, "Baba, Nyaga alikuwa nani?"

Ndipo nikasikia Kiswahili chako kirefu kwa mara ya kwanza. Nyaga alikuwa kijana wa Siakago, dereva wako wa lori. Aliimba vibaya mpaka wenzake wakamwomba anyamaze. Mchana ukitoa amri aliitikia kama wengine. Jioni, mkivua buti, alikuja akakuambia pale ulipokosea. "Wengine waliniogopa," ulisema. "Yule alinipenda." Ireri alikuwa mlangoni, ameshika kikombe. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo nyumbani.

Tangu hapo tukawa na ubishi wetu. Redio ikitangaza vijana wanatumwa nje tena, mimi naanza, wewe unajibu. Ukaniambia sijui lolote kuhusu vita, na ilikuwa kweli. Nikakuambia wanaojua hawatuambii, na hapo ukaomba chai. Wanja, aliyepewa jina la marehemu mkeo, aliwahi kukuuliza kama tumegombana. "Hapana," ukamjibu, "tunaongea." Majirani walisema nimekukosea adabu. Uliwasikia ukawaambia waje wakae wasikilize, kiti kipo.

Ukuta wenu mlikuja kuujenga kwenye kiwanja cha kanisa. Nilibeba mawe siku ile, nawe ulilalamika mpaka mwisho kwamba kanisani watu hupita Jumapili tu. Hata hospitalini, mpira wa dripu ukiwa mkononi, uliniambia ule uwanja ulifaa kuwa wetu. "Wetu nani, Baba?" nikakuuliza. Ukacheka hadi muuguzi akaja kutazama.

Sasa nikupe habari. Mwezi uliopita wastaafu walifanya mkutano wao wa kwanza bila wewe, na wakaniita nizungumze. Koplo Mbogo ndiye aliyenikaribisha. Alisimama, akavuta koti, akasema, "Huyu hatukubaliani naye. Mpeni nafasi." Nikawaambia kwamba kabla ya kijana kuvushwa mpaka, mzazi wake aelezwe kwa nini, na awe na haki ya kusema hapana hadharani bila kuitwa msaliti. Wengine walitikisa vichwa. Mbogo akanijibu kwamba jeshi likingoja ruhusa ya kila mama, adui atakuwa ameshakula chakula cha mchana. Nikamjibu. Akanijibu. Chai ikapoa, na hakuna aliyetaja nilikozaliwa.

Tulipoachana hakuna aliyekuwa amemshawishi mwenzake. Alinisaidia kupandisha gunia langu kwenye pikipiki, akaivuta kamba mara mbili, akamwambia mwenye pikipiki aende polepole kwa sababu amebeba mama wa maana.

Nimetosheka, Baba. Ireri mwenyewe ameanza kunipinga mezani, hajui sana lakini anajaribu. Wanja tayari anatushinda sote wawili. Pumzika bila wasiwasi juu ya nyumba yako.

Na kuhusu ule uwanja, bado umekosea.

Mkaza mwanao akupendaye,
Mama Wanja