Ubavu wa Moto

Kaka yangu Ewart,

Nakusalimu, na natumaini mgongo wako umepata nafuu huko mgodini. Sisi tu wazima wa mwili, ingawa Mama anakula kidogo. Ng'ombe waliosalia tumewapeleka kwa jirani, maana kwetu, baada ya ule moto, halijabaki jani.

Barua yako nimeipata. Unaniomba ninyamaze: Baba ni kapteni wa wazimamoto wa kujitolea, mji unataka kumpa nishani, na Mama Mdogo Nerida hafufuliwi na maneno. Nimeisoma kwa hasira.

Unajua Baba anasema nini? Anasimama klabuni, bia mkononi, akiwaambia watu kwamba alimsihi shemeji yake aondoke, naye akang'ang'ania mbwa na mapazia yake. Wanatikisa vichwa, wanasema Nerida ndiye huyo, kichwa kigumu kama nguzo ya uzio. Juzi Tamsin alikuwa meza ya pili, akisikia mama yake akigeuzwa mpumbavu. Aliinuka akaacha chakula chake.

Unazikumbuka siku zetu za Februari. Upepo wa kaskazini hutoka jangwani kama pumzi ya tanuri, nasi tunajifungia ndani kuingoja hewa baridi ya bahari ya kusini. Ikifika tu, madirisha yote hufunguliwa na Baba huketi barazani bila shati. Tumelelewa kuipenda. Lakini hewa ile ni nzito, Ewart. Hujipenyeza chini ya hewa ya moto na kuiinua, na upepo hugeuka ghafla, mara nyingi kabla tone la mvua halijaanguka.

Siku ile moto ulikuwa mwembamba na mrefu, ukikimbilia kusini-mashariki. Kichwa chake kilikuwa kimeshaipita nyumba ya Nerida, kwa upande wa magharibi. Alikuwa amepakia mbwa garini, akampigia Baba simu. Nilikuwa jikoni nikijaza ndoo. Nilimsikia Baba akimcheka: aende wapi, shemeji, na moto umeshampita? Baridi iko njiani, achemshe chai yake afungue madirisha. Upepo ulipogeuka ukavuma kutoka kusini-magharibi, ubavu wote wa moto ule ukawa kinywa, na Nerida alikuwa mbele yake.

Baba alikosea kama ambavyo yeyote wa hapa angekosea. Hilo ningemsamehe. Kumtwisha marehemu kosa lake, hilo hapana.

Jana mezani nilimwambia kwamba nitamweleza Tamsin, kisha wachunguzi wa moto ule. Akaniuliza kama chuo kilinifundisha kumchongea mzazi. Akasema sikusikia kitu, nimeota.

Tukiwa hapo bati likalia, miti ya nje ikainamia upande mwingine. Baridi ilikuwa imefika. Baba akanyoosha mkono afungue dirisha, kama desturi. Mama akamwambia aliache.

Tukaketi katika joto lile. Halafu Mama akasema, bila kumtazama, kwamba siku ile naye alikuwa mlangoni mwa jikoni, amesikia kila neno. Mdogo wake hakuwa mkaidi. Alimtii mtu.

Leo asubuhi tumekwenda kwa Tamsin, Mama na mimi. Mama ndiye aliyesema yote.

Wasalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu pia. Barua yako ameisoma.

Mdogo wako,
Merren