Jiwe la Kabati la Mama

Bweni la Wasichana,
Arusha,
Jumatano jioni.

Kwa Kaka Aminiel,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitufundisha hivyo, na mimi bado nayafuata niliyofundishwa. Natumaini u mzima huko uliko, unakula vizuri, na lile joto la Dodoma unalomlalamikia mama kwenye simu halijakuzidi. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila goti linamsumbua anapopanda kutoka barabarani hadi nyumbani Sekei. Migomba imestawi na mbwa amezaa. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nikueleze ya shuleni, maana yanakuhusu.

Mradi wangu wa maonyesho ya sayansi ya mkoa unaujua. Nilipokueleza ulicheka, ukasema wenzangu wa kidato cha tano wanatengeneza sabuni na majiko, mimi nimeng'ang'ania bahari iliyokufa. Mwalimu Godbless wa kemia aliupitisha kwa sababu hakuuelewa, naye huogopa kukataa kitu asichokielewa. Kisha akasema sauti yangu inafaa kuhutubia sisimizi, kwa hiyo atakayezungumza mbele ya majaji ni Prosper.

Prosper ni mvulana ambaye akishika kipaza sauti hujiona amekwisha kusoma. Nilimweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Kaboni ninayoizungumzia ni ya aina mbili, nyepesi na nzito. Viumbe vya baharini hupendelea nyepesi kujenga miili yao. Vikifa vikazikwa kwa wingi kwenye tope lisilo na oksijeni, huondoka nayo, na maji hubaki na ile nzito kupita kawaida. Chokaa inayotulia chini ya bahari hubeba alama ya maji hayo. Ndiyo maana mawe ya kipindi cha Kambria, ya karibu miaka milioni mia tano iliyopita, yakipimwa katika mabara mbalimbali, huonyesha kaboni nzito ikipanda kisha ikishuka tena. Wataalamu wanasoma hapo kwamba sehemu kubwa ya bahari ilikosa hewa. Prosper aliitikia kwa kichwa muda wote, halafu akaenda kuwaambia wenzake kuwa bahari ina kaboni nzuri na kaboni mbaya, kama mafuta ya kupikia. Mimi akanibatiza Mama Mawe.

Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa na kitu ambacho hakuna shule nyingine ilikuwa nacho. Nilikuwa na jiwe lako.

Hujui jiwe lile limekuwa nini pale nyumbani. Tangu ulipolileta Desemba, ukasema ni la bahari ya Kambria, limetoka ng'ambo, na profesa wako amekupa kwa kuwa wewe ndiye bora darasani, mama ameliweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, kati ya picha ya harusi na redio. Mgeni hapewi chai kabla hajaligusa. Na Jumapili ya Mavuno, wenzake wakipeleka madhabahuni mikungu ya ndizi, kahawa na kuku, yeye atapeleka jiwe, kwa sababu anasema zao lake la mwaka huu ni wewe kumaliza chuo. Mchungaji amekubali. Ibada ikiisha litanadiwa pale nje kama mazao mengine, na wazee wa usharika wameshaelewana kwamba hakuna atakayepandisha bei, ili mama alinunue mwenyewe na kurudi nalo nyumbani.

Nilimwomba aniazime, akanifungia kwenye kanga. Mwalimu Godbless alilidondoshea asidi, likatoa povu kama chokaa inavyofanya, akatangazia darasa zima kwamba povu ndilo ushahidi, hiyo ni bahari, wala tusisumbuke zaidi. Mimi nilitaka kusumbuka. Mwezi wa tatu nilimwomba atume kipande kidogo kwa Daktari Kusum, mama mmoja mzaliwa wa hapahapa mjini anayefundisha miamba kwenye chuo chako, naye akakichanganya na sampuli zake zilizokuwa zinakwenda maabara ya nje kupimwa kaboni. Sikukuambia. Nilitaka uje usikie majibu siku ya maonyesho, ujivune. Ulisema una mitihani.

Daktari Kusum mwenyewe alikuwa jaji. Prosper alihutubia vizuri sana, hasa pale alipokosea. Daktari akamwuliza tunategemea kipimo gani. Prosper akanitazama. Nikajibu, ikabidi nirudie kwa sauti zaidi, kwamba kwenye kipimo cha kaboni nzito chokaa ya bahari ile ingekuwa karibu na sifuri, au ingepanda hadi nne au tano kama ni ya wakati ule bahari ilipokosa hewa. Akasema letu limetoka hasi sita, yaani kaboni nyepesi imezidi mno. Prosper akamwambia hasi sita na sifuri zinapishana kidogo tu, Daktari, ni majirani. Watu wakacheka, na yeye akainama kushukuru.

Kisha Daktari akanipa lenzi yake niliangalie jiwe kwa karibu. Nikaona vipande vya ulanga, madini ya magamba membamba ambayo chokaa ya bahari kwa kawaida haina, vyeusi, vinang'aa. Akanieleza polepole kwamba kaboni hiyo imepanda na volkano kutoka tumboni mwa dunia, haijawahi kuiona bahari, na kwamba kwetu huku, tofauti na sehemu nyingi, hata mawe ya volkano hutoa povu. Ndiyo maana povu peke yake limewadanganya wengi wa hapa. Akasema ukienda upande wa Oldonyo Sambu, hapa nyuma ya mlima wetu, mawe kama hayo yanakanyagwa na mbuzi. Mwalimu Godbless, aliyekuwa amesimama kati yetu kwa ajili ya picha, akasogea hatua moja pembeni na kusema mradi huu hakuusimamia kwa karibu. Sabuni ya mwarobaini ikashinda.

Prosper na Mwalimu sikuwajali. Nilikuwa bado nakutetea wewe. Nilimwambia Daktari kuwa lazima profesa wako alikosea kuchukua jiwe, kwa sababu kaka yangu yuko mwaka wa mwisho katika idara yake na asingeshindwa kuona ulanga. Akaniuliza jina lako. Nikalitaja kwa sauti ambayo Prosper angeionea wivu. Akanipeleka nyuma ya hema, akaniambia darasa lao ni dogo, anawajua wote, na wewe uliondoka mwaka wa pili kabla ya mitihani. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu kama hujambo. Nikasema hujambo.

Usiku ule Nosim, anayelala kitanda cha chini, aliniuliza ninalia nini. Nilimweleza habari ya jiwe tu. Akacheka, akasema nikamweleze na yule Mmeru anayekaa kwao Oldonyo Sambu tangu mwaka jana, anayemsaidia kaka yake Sironka kupeleka mbuzi mnadani. Anasema huwachosha vijana kwa habari za bahari hadi wamempa jina la Mchungaji wa Mawe, na akivaa fulana yake ya chuo mbuzi humkimbia.

Kumbe ukimpigia mama kulalamika joto, umejifunika blanketi la Sironka kwa baridi. Mlima tunaouona sisi kwa mbele, wewe unauona kwa nyuma, na nauli ya kuja kumwona mama akiumwa goti ulikuwa nayo siku zote.

Sikudharau kwa kuacha chuo. Wengi huacha, na kuswaga mbuzi ni kazi halali. Prosper ni mjinga na Mwalimu Godbless ni mwoga, lakini hao hawajui kitu. Wewe unajua. Wewe ndiye uliyenikalisha jikoni nikiwa mdogo ukanionyesha kwamba jiwe linasomeka. Ulikuwa na uongo wa kila namna wa kuchagua, ukaokota barabarani kitu ambacho ulijua nitakiamini, ukakiweka mikononi mwa mama.

Barua hii haiendi Dodoma. Nosim anakwenda kwao Jumamosi, ataibeba pamoja na jiwe, likiwa kwenye kanga ileile. Mama sijamwambia neno. Anadhani liko shuleni. Jumapili ya Mavuno ni wiki inayofuata. Njoo kabla ya siku hiyo, ulishike mwenyewe, umwambie mwenyewe, pale jikoni, kabla hajavaa nguo za kanisani. Usipokuja hatakuwa na cha kupeleka madhabahuni, ataniuliza jiwe liko wapi, nami nitamjibu liko wapi na liko na nani.

Msalimie Sironka, umshukuru kwa kukulisha. Mama naye angekusalimu, lakini salamu zake huzituma Dodoma.

Mdogo wako,
Lilian