Wanangu Wamenijengea Nyumba ya Maboksi Sebuleni

Tarehe tisa Machi, mwaka wa thelathini na nne tangu nilipoondoka kwetu.

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, na tafadhali unisome mpaka mwisho, kwa sababu nyumbani kwangu kila mtu ananihoji lakini hakuna anayenisikiliza. Mimi ni mzee, nilifanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji mpaka nilipostaafu, nina mke mmoja, watoto wawili, mkwe mmoja mtiifu kupita kiasi, na tangu mwezi uliopita nina pia nyumba ya maboksi katikati ya sebule, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Chanzo ni binti yangu mkubwa. Yeye ni msimamizi wa miradi katika kampuni inayojenga masoko, na huko walipelekwa semina wakafundishwa kitu kinachoitwa fikra za usanifu, ambacho kwa nilivyoelewa mimi maana yake ni kwamba usimjengee mtu kitu kabla hujakaa naye ukajua anaumwa wapi, kisha unabuni mengi, unachagua moja, unatengeneza sampuli ya bei rahisi, unampa aijaribu, akilalamika unairekebisha. Jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi ulianza alipotoka semina akatazama huku na huku akitafuta wa kumfanyia mazoezi, akaniona nimekaa na gazeti langu, akaamua kwamba mimi ndiye mtumiaji na mradi ni kunirudisha kwetu.

Akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa upole: "Baba, ukiikumbuka nyumba ya kwenu, unaona nini?"

Sasa, Mshauri, mzee haulizwi swali kama hilo na mtu mwenye haraka. Nikamweleza baraza, nikamweleza ukuta uliobaki na joto hata jua likishazama, na mvua juu ya bati ambayo siku zote ilianzia upande wa jikoni ndipo ifike chumbani, na mlango ambao mama yangu aliusukuma kwa goti kwa sababu mikono ilikuwa na ndoo, na nakiri nilieleza vizuri, maana kukumbuka ndiyo kazi pekee ambayo sijastaafu. Machozi yakamtoka, nami yakanitoka. Akachukua kikaratasi cha manjano, akaandika kwa herufi kubwa MTUMIAJI ANATAKA KURUDI, akakibandika juu ya picha yetu ya harusi. Mimi sikusema nataka. Nilisema nakumbuka.

Kesho yake akamhoji mama yake, aliyekuwa anapiga pasi, naye akajibu bila kuinua macho kwamba yeye haendi popote, na kama mimi naenda nimpigie simu nikifika. Jibu hilo likabandikwa ukuta wa pili chini ya maneno HATARI ZA MRADI, na tangu hapo kila nikimwomba mke wangu anisogezee chumvi hunijibu kwamba hatari ya mradi haisogezi chumvi.

Kisha mwanangu wa kiume, ambaye ni fundi wa mafriji, akaleta maboksi makubwa, wakakata madirisha, wakaunga kuta kwa gundi ya karatasi, wakasimamisha chumba ambacho ukijigeuza ghafla kiwiko kinatokea nje. Na mkwe wangu, mwalimu wa hesabu, mtu wa heshima zake, amepewa kazi ya mvua: anapanda juu ya stuli na kumwaga mchele kwenye sinia, mimi nimekaa ndani ya boksi, ili niseme kama inafanana. Ningefanyaje? Mtoto wa watu amepanda stuli na tai shingoni. Nikasema inafanana kidogo, ila ingeanzia upande wa jikoni. Akahamisha stuli. Kila ninalolisema kwa adabu linageuka marekebisho, nikisema mlango umebana kesho unapanuliwa, na sasa nyumba imekuwa kubwa hata hatuoni televisheni.

Ukweli wangu ni huu. Ile nyumba ilishabomolewa. Niliokua nao wengi wametangulia, na mpwa wangu anayeishi kwenye kile kiwanja, kijana mwema, akinipigia simu huniita mgeni wetu. Hapa nina mke, nina kiti changu dirishani, nina kinyozi wa mtaani ambaye tumebishana kila asubuhi tangu yeye mwenyewe akiwa na nywele. Lakini Ijumaa binti yangu anamleta bosi wake kuja kuiona sampuli, maana ofisini ameusimulia mradi huu kuwa mfano, na wakishaondoka tu ananikatia tiketi. Nikisema sitaki nimemvunjia mwanangu heshima mbele ya mkubwa wake, nikinyamaza nitajikuta uwanja wa ndege. Nifanye nini?

Wako,
Mtumiaji

*

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimetanguliza salamu kwa sababu yanayofuata ni makaripio, na sipendi kumkaripia mtu wa umri wa baba yangu kabla hajaniitikia.

Pole kwa kiwiko. Pole zaidi apewe mkeo, ambaye katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyejibu swali, naye akabandikwa ukutani kama tangazo la hatari ya moto.

Umesahihisha maandishi ya watu maisha yako yote. Leo kosa limewekwa juu ya picha yako ya harusi, kwa herufi kubwa, unalipita kila ukienda kunywa chai, nawe hujaligusa. Badala yake umekaa ndani ya boksi la friji unamsahihisha mkweo mvua. Huoni haya?

Binti yako naye ana lake. Aliuliza unakumbuka nini, hakuuliza unataka nini, na hayo ni maswali mawili. Jibu lililompendeza akaliita hitaji, lililomkera akaliita hatari. Ndivyo masoko yanavyojengwa mahali ambapo hakuna anayepita, kisha watu wanashangaa wauzaji wamerudi barabarani. Lakini usimwachie mzigo wote. Njia aliyofundishwa inakula inacholishwa, nawe umeilisha adabu tupu. Mficha uchi hazai, Mzee.

Kuhusu bosi, ondoa hofu. Sampuli hutengenezwa kwa maboksi ili ikataliwe ingali maboksi. Wewe kukataa leo ndio mradi wenyewe umefanya kazi. Aibu ni ukatae ukiwa umeshateremka kwenye ndege, mpwa wako anakungoja na maua. Bosi mwenye akili ataliona hilo, na asipoliona, binti yako atakuwa amemjua anayemfanyia kazi.

Basi fanya hivi. Usingoje Ijumaa. Leo binti yako akirudi kazini, mwite jikoni, siyo sebuleni, huko kuna mvua. Mama yake awepo. Usianze na baraza. Usitaje ukuta, wala mlango, wala bati, kwa sababu wewe ukishaanza kusifia hakuna atakayefika mwisho wa sentensi. Sema unachokitaka kwa maneno machache, kisha ufunge mdomo. Akilia, mwache alie. Akiuliza, mjibu alichouliza tu. Na ukimaliza, mwombe mkeo radhi mbele ya watoto, maana walimwita hatari nawe umekaa kimya.

Mshauri wako

*

Mshauri,

Marahaba. Nilimwita jikoni. Mama yake alikuwa anamenya vitunguu, hakunisaidia hata kwa kikohozi. Nilianza na baraza, nikajikatiza mwenyewe, nikasema.

Binti yangu akaniuliza: "Kwa hiyo muda wote ulikuwa unatudanganya?"

Nikamwambia hapana, kila nilichokisimulia ni kweli tupu.

"Sasa kwa nini hutaki?"

Nikamwambia kwamba nikiwa hapa bado ninayo ile nyumba, nikienda nitakuta kiwanja.

Akalia kidogo, ingawa penye vitunguu huwezi kujua. Nikamwomba mke wangu radhi, akasema amesikia, na kwamba maboksi yatoke kabla mgeni hajafika. Binti yangu amesema hayatoki, bosi atayaona yalivyo na ataelezwa yalivyoshindwa. Wamebishana mpaka chakula kikaiva, na hakuna aliyeniuliza tena.

Mimi sirudi.