Skrini ya Mama Imezimika

Ziwani,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Luseno,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Doha, na joto lenu, na ule mgongo? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mama anakula vizuri na miguu yake ina nguvu, na hiyo miguu ndiyo inayonitesa.

Barua hii nimempa Sylvance, anayesafiri kuja huko, akuletee kwa mkono. Kwenye simu naishia kulia tu, na wewe husikii kitu.

Ile skrini ndogo uliyomtundikia Mama kando ya mlango, pamoja na kompyuta yake inayoenea kiganjani, imezimika wiki ya tatu sasa. Ni mimi niliyeiharibu. Wamama wa kanisa walikuwa wanakuja kwa maombi, na unamjua Mama, hakuna kitu kinachokaa nyumbani bila kitambaa cha kufuma juu yake. Nikachomoa zile nyaya nne, zilizopenya matundu ya kitambaa, ili nikifue. Kuzirudisha, nikaweka nyekundu mahali pa nyeusi. Ikanuka kuungua. Nilitaka nyumba ipendeze, basi.

Yote uliyonielekeza nilifanya. Nilizima, nikawasha, nikaandika yale maneno ya kuitafuta skrini. Kila mara vistari vitupu, ile 3c uliyosema itatokea kompyuta ikiipata skrini, sikuiona. Nikanunua skrini mpya, wapi! Mwishowe nikabeba kila kitu hadi kwa fundi Irungu. Skrini mpya iliwaka kwenye kompyuta yake, kwenye yetu ikawa giza.

"Siste, hapa kwa pini za hii kompyuta ndio kumeungua," akaniambia. "Hata uweke skrini kumi, ni bure tu."

Nimejaribu karatasi. Naandika kubwa kubwa: "Leo ni Jumanne. Asenath yuko kazini, atarudi saa kumi na moja." Mama anaichana. Anasema, "Hata mwizi anajua kuandika." Skrini aliiamini kwa sababu kila ujumbe wako ulianza na "Mama, ni mimi Luseno." Alikuwa anaijibu kabisa, kisha anaketi kuningoja. Sasa anatoka kumtafuta Baba kiwandani, na Baba tulimzika miaka tisa iliyopita. Juzi jirani yetu Truphena alimkuta mbali kule Dandora, bila viatu. Siku hizi nikienda kazini namfungia kwa kufuli. Mungu anisamehe.

Tafadhali usitume kompyuta nyingine. Jumapili nilimtajia jina lako. Akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni, "Luseno ni mtoto wa nani?" Nilitoka nje nikalia. Ukipata ruhusa, njoo wewe mwenyewe, ingawa siwezi kukuahidi kwamba atakujua.

Truphena anakusalimu, na binti yake Winny na watoto wake pia. Mungu akulinde kazini na akurudishe salama. Ningeandika kwamba Mama naye anakusalimu, lakini sitakudanganya.

Dada yako akupendaye,
Asenath